Kuzima stima ya fezi tatu: nyutro ikatwe au iachwe?

Vijana wanaoanza kazi ya stima hapa Nairobi huniuliza swali lilelile: ukizima jengo la fezi tatu ili ufanye kazi, nyutro (waya wa kurudisha mkondo) nayo ikatwe au iachwe? Ukienda Luthuli Avenue, muuzaji anakuwekea swichi mbili kwenye kaunta, moja ya poli tatu (inakata fezi tu) na nyingine ya poli nne (inakata na nyutro), hii ya pili ikiwa na bei ya juu, kisha anakuuliza unataka ipi. Wengi huchagua kwa kuangalia pesa walizo nazo mfukoni.

Jibu ni kwamba inategemea ethi ya jengo (waya wa usalama ulioungana na ardhi) inatoka wapi, na jengo lina vyanzo vingapi vya stima. Lakini kuna mambo mawili yasiyotegemea chochote. Nyutro ni waya hai mpaka uipime mwenyewe. Na nyutro haikatwi peke yake huku fezi zikiwa zinawaka.

Mwongozo huu ni wa fundi, si wa mpangaji. Kama huna leseni ya EPRA (mamlaka ya nishati) ya daraja linaloruhusu fezi tatu, fanya kazi hii ukiwa chini ya fundi aliye nayo. Fyuzi zilizo kabla ya mita, pamoja na lakiri zake, ni mali ya Kenya Power. Kazi ikihitaji hizo zitolewe, waite wao. Usivunje lakiri.

Kwa nini nyutro inaua watu na kuunguza vifaa

Nadharia tutaiweka fupi. Stima yetu ni volti 240 kati ya fezi na nyutro, na volti 415 kati ya fezi na fezi. Nyutro ndiyo inayoishikilia kila fezi kwenye zile 240. Ikikatika fezi zikiwa zinawaka, vifaa vya fezi mbili tofauti hujikuta vimeungana kimoja nyuma ya kingine, vikigawana volti 415.

Chukua nyumba moja yenye jagi la kuchemshia maji la wati 2400 kwenye fezi nyekundu, na nyingine yenye taa na vifaa vidogo vya jumla ya wati 240 kwenye fezi ya manjano. Kwa hesabu ya karibu, jagi lina omu 24 na zile taa zina omu 240. Nyutro ikiachia, mzigo mdogo ndio unaobeba volti nyingi: taa zinapata kama volti 377 na jagi linabaki na 38 hivi. Ndiyo sababu kwenye ghorofa za Pipeline au Kariobangi utasikia mpangaji mmoja analia televisheni imelipuka, na jirani yake analalamika maji hayachemki, dakika ileile. Hilo usilisababishe wewe kwa mikono yako.

Utakavyohitaji

- Testa ya volti ya ncha mbili, yenye alama ya usalama ya CAT III au CAT IV na kiwango cha volti 600 au zaidi. Chuma kilicho wazi kwenye ncha kisizidi milimita 4. Testa ya bisibisi yenye taa ndogo ya neoni haitoshi kwa kazi hii. Inategemea mwili wako na viatu vyako, na inaweza kunyamaza mbele ya waya ulio hai.
- Chanzo cha kujaribia testa: kifaa maalumu cha kuithibitisha, au soketi unayojua inawaka.
- Mita ya klampu, ile inayobanwa kuzunguka waya ili kupima mkondo.
- Mita ya kupima kizio (ganda la waya linalozuia stima), ya volti 500.
- Kufuli lenye ufunguo mmoja, kibandiko cha onyo, na kifaa cha kufungia mkono wa breka.
- Bisibisi zenye kizio, na moja yenye kipimo cha kukaza kama unaweza kuipata.
- Tepu za rangi na kalamu ya kuandikia nyaya.
- Glavu za stima, miwani, na tochi ya kichwani. Ukizima jengo, chumba cha mita kinakuwa giza totoro.

Hatua

1. Jua ethi ya jengo inatoka wapi. Fungua, tazama, fuata waya. Usiulize keateka, hajui.

Kama ethi ya jengo ni fimbo tu iliyochimbiwa ardhini na haina kiungo cha chuma na nyutro ya anayeleta stima, basi hakuna kitu cha kutegemea kinachoishikilia nyutro kwenye usawa wa ardhi. Hitilafu ikitokea barabarani, nyutro inaweza kupanda volti bila wewe kujua. Hapo kutenganisha kunataka waya zote nne zikatwe: swichi kuu ya poli nne.

Kama ethi inaletwa na kebo ya anayekuletea stima, kwa ganda la chuma la kebo au kwa kuunganishwa na nyutro pale inapoingia, na kiungo hicho ni imara, kanuni za Uingereza za BS 7671, ambazo wengi wetu tumefundishwa nazo, zinaruhusu nyutro iachwe. Poli tatu inatosha, mradi kuwe na kiungo cha nyutro kinachofunguliwa kwa bisibisi wakati wa kupima.

Kama waya ni mmoja unaofanya kazi ya nyutro na ethi kwa pamoja, waya huo haupitishwi kwenye swichi yoyote. Ukiukata, umekata ethi ya jengo zima, na kila kabati la chuma linaweza kuwa hai. Vivyo hivyo kwa waya wa ethi: haukatwi kwa swichi, haufungwi fyuzi.

Maoni yangu kwa ghorofa za kupangisha zenye fimbo: weka poli nne kwenye swichi kuu na kwenye swichi ya jenereta, basi. Usizitapakaze kwenye bodi ya kila sakafu. Kila poli ya nyutro unayoongeza ni mahali pengine pa kulegea na kuungua, na umeona hapo juu nyutro ikiachia inafanya nini.

2. Hesabu vyanzo vyote. Hapa ndipo watu wanapoumia Nairobi siku hizi. Kenya Power ni chanzo kimoja. Jenereta nyuma ya jengo ni cha pili, na ile inayojiwasha yenyewe itakuwasha nawe ukiwa umeshika nyaya. Kisha kuna inveta ya sola kwenye paa, UPS (kifaa cha stima ya akiba) kwenye chumba cha kompyuta, na betri. Kwenye karakana za Industrial Area, ongeza kabati la kapasita za kurekebisha mzigo. Hizo hubaki na chaji baada ya kuzima. Subiri muda ulioandikwa kwenye mlango wake, halafu upime.

3. Waambie watu, punguza mzigo. Ongea na mwenye jengo na kila mpangaji. Lifti ishushwe na ifunguliwe milango, pampu zizimwe, kompyuta zifungwe. Kisha zima breka ndogo ndogo kwanza, ndipo uje swichi kuu. Kuvuta swichi kuu yenye mzigo wote kunaila midomo ya swichi.

4. Zima swichi kuu. Mkono mmoja, poli zote kwa pamoja. Swichi halali ya poli nne imetengenezwa ili nyutro isifunguke kabla ya fezi, na wakati wa kuwasha ifunge pamoja na fezi au kabla yake.

Tahadhari: kuna wanaochukua breka nne za poli moja, wanazifunga mikono kwa waya au msumari, wanasema ni poli nne. Siyo. Hakuna kinachohakikisha nyutro haitatangulia. Na fyuzi au breka ya peke yake kwenye nyutro ni marufuku. Ikiruka, nyutro imekufa na fezi ziko hai, na jengo linaonekana limezimika ilhali kila waya ni hatari.

5. Funga kwa kufuli, ufunguo mfukoni mwako. Bandika onyo lenye jina lako na saa. Keateka akisumbuliwa na wapangaji kwamba maji hayapandi, mkono wake wa kwanza unaenda kwenye swichi kuu. Kufuli ndilo litakalomzuia, kwa sababu wewe utakuwa juu ghorofa ya tano. Fanya hivyo hivyo kwenye jenereta: zima swichi yake ya kujiwasha, kisha ifunge.

6. Thibitisha testa. Iguse kwenye chanzo unachojua kinawaka. Ikisoma sawa, endelea.

7. Pima mara kumi. Kwenye fezi moja vipimo ni vitatu, na wengi huja na mazoea hayo kwenye fezi tatu. Ita fezi zako F1, F2, F3:

- F1 na F2, F2 na F3, F1 na F3
- F1 na nyutro, F2 na nyutro, F3 na nyutro
- F1 na ethi, F2 na ethi, F3 na ethi
- nyutro na ethi

Kile cha mwisho ndicho kinachorukwa, na ndicho kinachohusu nyutro. Kwa swichi ya poli nne unatarajia sifuri. Kwa poli tatu, nyutro bado imeungana na barabara, kwa hiyo unaweza kuona volti chache kwa sababu ya mzigo wa majirani. Ukiona makumi ya volti, simama. Nenda sehemu ya mwisho ya mwongozo huu.

8. Thibitisha testa tena kwenye kile chanzo cha kwanza. Testa inaweza kufa katikati ya kazi, na testa iliyokufa husoma sifuri kila mahali.

9. Usiamini rangi. Majengo ya zamani yana fezi nyekundu, manjano na buluu, nyutro nyeusi. Kebo za mtindo mpya, uliokuja Uingereza mwaka 2004, zina fezi kahawia, nyeusi na kijivu, nyutro buluu. Yaani waya mweusi unaweza kuwa nyutro au fezi, na wa buluu vilevile. Jengo la zamani lililoongezewa sakafu mpya lina mitindo yote miwili, pengine kwenye bodi moja. Pima, kisha funga tepu na uandike. Usimwachie fundi atakayekufuata fumbo.

10. Kabla ya kutoa nyutro yoyote kwenye baa (kipande cha chuma ndani ya bodi kinachounganisha nyutro zote), weka klampu. Hii hatua nitakaa nayo kidogo.

Taa za ngazi ni mfano mzuri. Mtu alivuta fezi ya taa za ngazi kutoka bodi ya chini, akafika sakafu ya tatu akakosa nyutro, akaazima ile iliyokuwa karibu, kwenye bodi ya sakafu hiyo. Taa zikawaka, akalipwa, akaenda. Miaka baadaye wewe unakuja kuzima bodi ya sakafu ya tatu. Fezi zote tatu zinasoma sifuri. Unalegeza skrubu ya nyutro moja, unaivuta, unaona cheche ndogo ya buluu. Ncha uliyoshika sasa ina volti 240, zilizopita kwenye balbu ya ngazi zikatafuta njia ya kurudi.

Kama bodi imezimwa kwa poli tatu, nyutro hiyo ya kuazima bado inapitisha mkondo, na klampu itaonyesha: ampia nusu, ampia moja, chochote kilicho juu ya sifuri. Kama imezimwa kwa poli nne, mambo ni mabaya zaidi kwa asiyepima. Baa nzima ya nyutro imetengwa na barabara, ile balbu inaipandisha yote, na klampu inasoma sifuri kwa sababu mkondo hauna pa kwenda. Hapo kinachokuokoa ni kipimo cha nyutro na ethi katika hatua ya 7. Ndiyo maana vyote viwili vinahitajika: volti na klampu. Poli nne peke yake haikulindi.

Ukikuta nyutro ya kuazima, tafuta fezi yake, izime na uifungie kufuli nayo. Kisha irekebishe: fezi na nyutro ya saketi moja zitoke kwenye bodi moja. Usiiache hivyo kwa sababu hukulipwa kwa kazi hiyo.

11. Ukilazimika kufungua nyutro kuu, iwe ya mwisho kutoka na ya kwanza kurudi. Fezi zote zimezimwa, zimefungwa kufuli, zimepimwa, ndipo unagusa nyutro. Wakati wa kufungua, tazama ile ncha. Waya uliopata joto una kizio kilichorudi nyuma na kuwa kahawia, shaba imekuwa nyeusi badala ya kung'aa, na skrubu inazunguka mzunguko mzima kabla ya kushika. Ukiona hivyo, kata kipande kilichoungua, safisha, na uweke ncha mpya ya kubana. Usikaze tu juu ya uchafu.

12. Pima kizio. Kwa kazi hii nyutro lazima itengwe, hata kama jengo linaruhusu iachwe, kwa sababu kule barabarani imefungwa kwenye ardhi, na mita yako itasoma sifuri ukadhani kebo imeharibika. Fungua kiungo cha nyutro, chomoa vifaa vya kielektroniki na vizuia radi, pima kwa volti 500. Chini ya megaomu 1, usiwashe.

13. Rudisha. Nyutro kwanza, ikazwe kwa kipimo cha mtengenezaji, ivutwe kwa mkono kuhakikisha. Kisha fezi. Washa swichi kuu breka zote ndogo zikiwa zimezimwa, upime kila fezi na nyutro: zote tatu ziwe karibu na 240. Ikiwa moja iko 180 na nyingine 300, zima mara moja, nyutro haijashika. Zikiwa sawa, washa breka moja baada ya nyingine. Kama ulifungua fezi, hakikisha mpangilio wake haujageuka, maana pampu ya kisima itazunguka kinyume na maji hayatapanda.

Neno kuhusu jenereta

Swichi ya kubadilisha kati ya Kenya Power na jenereta ina swali lake. Jenereta ambayo nyutro yake imefungwa kwenye ethi yake yenyewe inataka swichi ya poli nne. Ukitumia poli tatu, nyutro mbili zinaungana kupitia ardhi, mkondo unapita kwenye ethi, na RCD (swichi za usalama zinazokata stima mkondo ukivujia ardhini) zinaruka bila sababu ya kuonekana. Lakini ukishaweka poli nne, hakikisha nyutro ya jenereta kweli imefungwa kwenye ethi. Isipofungwa, jengo likiwa kwenye jenereta nyutro inaelea na RCD haitaruka hata mtu akishikwa. Nimeona kazi nyingi zilizofanya nusu ya kwanza na kusahau hii ya pili.

Mambo yakikataa

*Nyutro na ethi zinasoma makumi ya volti baada ya kuzima.* Ama kuna nyutro ya kuazima, ama chanzo ulichosahau, ama nyutro ya barabarani imelegea. Zima vyanzo kimoja kimoja huku ukitazama testa. Vikiisha vyote na bado inasoma, tatizo liko nje ya mita: piga simu Kenya Power, na usiwashe jengo mpaka waje.

*Multimita inasoma volti 40 au 60, testa haisomi kitu.* Mara nyingi ni volti za mzimu: waya uliotengwa unaokota kutoka kebo jirani iliyo hai. Multimita ya kawaida haivuti mkondo wa kutosha kuziangusha. Tumia testa inayovuta mzigo mdogo. Zikianguka hadi sifuri, ni mzimu. Zisipoanguka, ni stima.

*Umezima breka ya saketi moja, ukakata kebo yake, RCD ya jengo zima ikaruka.* Breka ya poli moja imekata fezi tu. Koleo lako limegusanisha nyutro na ethi, na mkondo wa saketi nyingine ukapata njia ya ardhini. RCD imefanya kazi yake. Tenga nyutro ya saketi hiyo kabla ya kukata, kwa kufuata hatua ya 10.

*Fezi zimesawazishwa vizuri lakini nyutro ni moto.* Taa za LED, kompyuta na chaja huvuta mkondo kwa vipande, na vipande hivyo havifutani kwenye nyutro. Vinajumlishana. Ofisi yenye kompyuta nyingi inaweza kuwa na mkondo mkubwa kwenye nyutro huku fezi zikionekana sawa. Pima kwa klampu inayosoma thamani halisi, na kama nyutro imevutwa nyembamba kuliko fezi, ibadilishe.

*Taa za nyumba moja zinang'aa mno na za jirani zimefifia.* Usianze kubadilisha balbu. Zima swichi kuu papo hapo, kisha anza kutafuta nyutro iliyoachia kuanzia baa ya bodi kuu ukirudi nyuma: skrubu ya baa, poli ya nne ya swichi, kiungo cha nyutro, mita. Ukifika kwenye lakiri bila kuipata, hapo ndipo mwisho wa kazi yako na mwanzo wa kazi ya Kenya Power.